Toa sanduku la barua pepe kwa amri, kisha lifungue ulione

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilifikia mwisho wa muda wa kuzihudumia Exchange Server 2016 na Exchange Server 2019. Seva hizo bado zinawaka katika ofisi nyingi, zimejaa barua za miaka, na kila mwenye dhamana nazo anajua kuwa siku ya kuzizima inakaribia. Hata asiyehama leo ana sababu za kutoa barua kwenye seva: mhasibu anastaafu, mkaguzi anaulizia mikataba ya mwaka juzi, wakili anataka mawasiliano yote na mzabuni fulani. Sheria za usimamizi wa kodi za Kenya na Tanzania, zote za mwaka 2015, zinataka kumbukumbu za biashara zitunzwe miaka 5. Siku hizi sehemu kubwa ya kumbukumbu hizo, ankara, maagizo ya ununuzi na makubaliano ya bei, imelala ndani ya barua pepe na viambatisho vyake.

Wengi huanza kwa kufungua Outlook kwenye kompyuta ya mhusika na kutoa faili la PST kupitia menyu. Kwa sanduku moja dogo hakuna ubaya. Kwa masanduku 60 utazunguka ofisini wiki nzima ukiwaomba watu nywila zao, jambo ambalo halikubaliki katika ofisi yoyote inayojali usalama. Tena kuna hatari iliyojificha: Outlook ikipangwa kushusha kwenye kompyuta barua za mwaka mmoja tu, faili utakalotoa litakuwa na barua za mwaka huo tu, na hakuna onyo litakaloonekana. Utaondoka ukiamini umechukua kila kitu.

Ukitumia amri, kazi inafanyika kwenye seva, kwa masanduku mengi kwa mpigo, na ripoti inabaki. Amri yenyewe ni mstari mmoja, na mtu yeyote anaweza kuiga. Ugumu uko kwenye mambo yanayoitangulia na yanayoifuata, na hayo ndiyo nitakayokaa nayo zaidi. Ninaandika kwa ajili ya Exchange iliyo kwenye seva zenu wenyewe, toleo la 2010 lenye Service Pack 1 au jipya zaidi, maana ndipo amri hii ilipoanzia. Ikiwa masanduku yenu yako Exchange Online, amri hii haipo huko. Kazi hiyo hufanyika kupitia Microsoft Purview, na huo ni mwongozo mwingine.

Ruhusa ya maandishi kwanza

Sanduku la barua la mtu lina mambo ya kazi, lakini pia lina majibu ya hospitali, barua za shule za watoto na ugomvi wa familia. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Kunakili sanduku zima la mtu ni kuchakata taarifa zake, hata kama seva ni mali ya ofisi. Kwa hiyo usianze kwa kuambiwa kwa mdomo kwenye korido kwamba "bosi anataka barua za fulani". Omba barua au tiketi inayotaja sanduku lipi, kwa sababu gani, kwa kipindi gani, nani atakabidhiwa faili, na litafutwa lini. Iweke pamoja na ripoti ya kazi. Siku mambo yakifika mahakamani au kwa kamishna wa data, karatasi hiyo ndiyo itakayokulinda wewe fundi, kwa kuwa jina lako ndilo lililo kwenye kumbukumbu za seva.

Na kama ombi linahusu barua za mwaka mmoja, toa hizo tu. Nitaonyesha namna.

Jukumu na mahali pa kuweka

Fungua Exchange Management Shell. Hata kama wewe ndiye msimamizi mkuu wa seva, ukiandika amri ya kutoa sanduku utaambiwa amri hiyo haijulikani. Usidhani programu imeharibika. Jukumu linaloitwa Mailbox Import Export halipewi mtu yeyote wakati Exchange inasakinishwa, na asiye na jukumu hilo hata amri haioni. Microsoft walifanya hivyo kwa makusudi, na walifanya vizuri.

Wengi hulipachika jukumu moja kwa moja kwenye akaunti zao na kulisahau humo. Mimi napendelea kuunda kundi maalumu, kwa sababu kundi linaonekana, na jina linatoka humo kwa amri moja:

`New-RoleGroup -Name "Utoaji Barua" -Roles "Mailbox Import Export" -Members msimamizi`

Funga dirisha la amri, ulifungue upya. Usipofanya hivyo amri itaendelea kufichwa, maana ruhusa husomwa wakati wa kuingia.

Sasa mahali pa kuweka faili. Hapa ndipo wanaoanza hukwama zaidi, na sababu yake inaeleweka ukijua kazi inavyokwenda. Ukibonyeza Enter, huwi wewe unayetoa barua. Ni kama umemwachia karani maagizo mezani: umeandika ombi, na huduma ya Exchange iitwayo Mailbox Replication italichukua kwa wakati wake na kulifanyia kazi kwa ruhusa zake, bila kutumia zako. Ndiyo maana njia ya faili lazima iwe ya mtandao, inayoanza kwa mikwaju miwili, wala haiwezi kuwa `D:\PST`. Na ndiyo maana kundi linaloitwa Exchange Trusted Subsystem ndilo linalohitaji kuandika kwenye folda hiyo. Kujipa wewe ruhusa zote hakutasaidia kitu.

Kwenye seva ya mafaili, tuseme inaitwa faili01, fungua PowerShell kama msimamizi uandike:

`New-Item -ItemType Directory D:\PST`

`New-SmbShare -Name 'PST$' -Path D:\PST -FullAccess 'OFISI\Exchange Trusted Subsystem','OFISI\msimamizi'`

`icacls D:\PST /grant 'OFISI\Exchange Trusted Subsystem:(OI)(CI)M'`

Amri ya pili inaifungua folda kwa mtandao, ya tatu inatoa ruhusa kwenye diski yenyewe. Zote mbili zinatakiwa. Alama ya dola mwishoni mwa jina inaificha folda isionekane na kila anayeperuzi mtandao wa ofisi. Kwa sababu ya dola hiyo, zoea kuandika njia ndani ya alama moja moja za nukuu, kwani ndani ya nukuu pacha PowerShell huweza kuichukulia dola kuwa mwanzo wa jina la kigeu.

Angalia pia nani mwingine anaingia humo. Folda iliyorithi ruhusa kutoka juu inaweza kuwa wazi kwa wafanyakazi wote, na ndani yake utaweka barua za mkurugenzi.

Pima kabla hujatoa

Tuchukue sanduku la mhasibu anayestaafu, lenye jina fupi mhasibu. Kabla ya chochote:

`Get-MailboxStatistics mhasibu | Format-List DisplayName,ItemCount,TotalItemSize,TotalDeletedItemSize`

Nakili majibu. Idadi ya vitu ndiyo utakayolinganisha nayo baadaye. Bila hiyo hutakuwa na cha kulinganisha. Kisha toa orodha ya folda moja moja na uihifadhi (folda ya `C:\kazi` iwepo kwanza):

`Get-MailboxFolderStatistics mhasibu | Select-Object FolderPath,ItemsInFolder,FolderSize | Export-Csv C:\kazi\mhasibu-folda.csv -NoTypeInformation`

Faili hili dogo la CSV lina thamani kubwa. Linakuonyesha kwamba mhasibu alikuwa na folda ya "Zabuni" yenye barua 3,000, na kwamba folda hiyo ilikuwa chini ya Inbox, haikuwa pembeni yake. Mtu akirudi mwakani kusema barua zake za zabuni hazipo, utakuwa na jibu.

Ukubwa nao una mambo yake. Outlook kuanzia toleo la 2010 haipokei PST inayozidi GB 50 isipokuwa mipangilio ibadilishwe. Outlook 2003 na 2007 ziliishia GB 20. Faili lililo karibu na kikomo linafunguka kwa tabu na linaharibika kirahisi. Sanduku likipita GB 30 hivi, mimi huligawa kwa miaka. Tenga nafasi ya diski inayotosha mara mbili ya jumla ya masanduku, kwa sababu utahitaji nakala ya pili ya kujaribia.

Uliza pia kama mhusika ana sanduku la kumbukumbu, lile la pili ambalo Exchange huhamishia barua za zamani. Halitoki pamoja na la kwanza. Linatakiwa ombi lake lenyewe lenye `-IsArchive`. Wapo waliofuta akaunti ya mtu wakiwa na PST ya miaka miwili ya karibuni, huku miaka minane iliyotangulia ikipotea na sanduku la pili.

Amri yenyewe

`New-MailboxExportRequest -Mailbox mhasibu -Name mhasibu-lote -FilePath '\\faili01\PST$\mhasibu.pst'`

Basi. Utajibiwa kwamba ombi liko kwenye foleni. Usikose kuweka `-Name`. Usipoweka, Exchange hutunga jina lenyewe, na kwa kila sanduku ina nafasi ya majina 10 tu ya namna hiyo; maombi ya zamani yasipoondolewa, la kumi na moja litakataliwa. Zaidi ya hapo, jina ulilolitunga mwenyewe ndilo utakalolitambua kwenye ripoti.

Amri ya namna hii huchukua pia vitu ambavyo mhusika alivifuta lakini Exchange bado inavishikilia kwa ajili ya kurejeshwa. Kwa uchunguzi au kesi, hivyo ni vya lazima. Kwa hifadhi ya kawaida ya mstaafu, ongeza `-ExcludeDumpster` ili alichokitupa kibaki kimetupwa. Uamuzi huo usiufanye peke yako. Uwe umeandikwa kwenye ile barua ya ruhusa.

Kutoa kwa mwaka mmoja:

`New-MailboxExportRequest -Mailbox mhasibu -Name mhasibu-2023 -ContentFilter {(Received -ge '01/01/2023') -and (Received -lt '01/01/2024')} -FilePath '\\faili01\PST$\mhasibu-2023.pst'`

Ona tarehe nilizotumia. Sisi huandika siku kwanza kisha mwezi, Wamarekani huanza na mwezi, na kompyuta hufuata mpangilio iliyowekewa. Ukiandika 03/04/2023 huna hakika kama seva imesoma tarehe 3 Aprili au tarehe 4 Machi, na haitakuuliza. Tarehe 1 Januari inasomeka sawa kwa namna zote mbili. Gawa kwa miaka mizima na utakuwa umelikwepa tatizo lote. Ona vilevile kwamba mwanzo una "au sawa na" na mwisho hauna, ili barua iliyoingia saa sita kamili usiku wa mwaka mpya isihesabiwe mara mbili wala isiachwe.

Kichujio cha tarehe ya kupokelewa kinafaa kwa barua. Usikitegemee kwa kalenda na anwani za watu, ambazo hazipokelewi kama barua. Hivyo vitoe kwa ombi la pembeni:

`New-MailboxExportRequest -Mailbox mhasibu -Name mhasibu-kalenda -IncludeFolders '#Calendar#/*','#Contacts#/*' -FilePath '\\faili01\PST$\mhasibu-kalenda.pst'`

Alama za reli zinamaanisha folda ya asili ya Exchange kwa lugha yoyote iliyowekwa, hata kama kwenye skrini ya mtumiaji inaitwa Kalenda. Nyota inakusanya folda ndogo zilizo chini yake.

Kwa masanduku mengi, andaa faili la CSV lenye safu moja ya kichwa Alias, kisha:

`Import-Csv C:\kazi\orodha.csv | ForEach-Object { New-MailboxExportRequest -Mailbox $_.Alias -Name "lote-$($_.Alias)" -BatchName Awamu1 -FilePath ('\\faili01\PST$\' + $_.Alias + '.pst') }`

Andika orodha hiyo kwa mkono na uipitishe kwa mtu wa utumishi aikague jina kwa jina. Usifanye mkato wa kuwachukua wote waliomo kwenye seva, kwa kuwa utachukua na wasiohusika. Anza na masanduku matatu, uyamalize mpaka mwisho wa mwongozo huu, ndipo uendelee na mengine. Na maombi makubwa yapeleke jioni, watu wakishaondoka, maana huduma inayotoa barua inatumia diski zilezile ambazo wenzako wanasomea barua zao.

Foleni, hitilafu na vitu vibovu

Kuangalia kazi ilipofika:

`Get-MailboxExportRequest -BatchName Awamu1 | Get-MailboxExportRequestStatistics | Select-Object SourceAlias,Status,PercentComplete,ItemsTransferred,BadItemsEncountered`

Kukaa kwenye foleni kwa dakika kadhaa ni kawaida. Likikaa saa nzima bila kusogea, angalia kama huduma ya Mailbox Replication inafanya kazi kwenye seva zenu za Exchange, na kama seva haijazidiwa. Exchange huzuia kazi za nyuma ili watumiaji wasiumie, na hapo cha kufanya ni kusubiri usiku.

Ombi likikataliwa papo hapo kwa maelezo kwamba faili la PST haliwezi kufunguliwa na njia imezuiwa, karibu kila mara ni zile ruhusa mbili za folda. Rudi huko kabla ya kutafuta mchawi.

Hitilafu inayohitaji akili zaidi ni ya vitu vibovu. Masanduku ya zamani, hasa yaliyohamishwa kutoka seva hadi seva, huwa na barua zilizoharibika: mwaliko wa kalenda uliopinda, kiambatisho kisichosomeka. Kwa kawaida Exchange haivumilii hata kimoja. Ikikutana nacho ombi linaanguka. Jibu utakaloliona kila mahali ni kupandisha kiwango cha kuvumilia hadi namba kubwa mno, mara 1,000, ili kazi ipite. Napinga kabisa. Exchange yenyewe, ukitaka kuvuka vitu 50, inakulazimisha uongeze `-AcceptLargeDataLoss`, yaani ukiri kwa mkono wako kwamba uko tayari kupoteza data nyingi. Inakuonya kwa haki. Panda kidogo kidogo:

`Set-MailboxExportRequest mhasibu\mhasibu-lote -BadItemLimit 10`

`Resume-MailboxExportRequest mhasibu\mhasibu-lote`

Ikipita, toa ripoti kamili na uisome:

`Get-MailboxExportRequestStatistics mhasibu\mhasibu-lote -IncludeReport | Format-List | Out-File C:\kazi\mhasibu-ripoti.txt`

Ndani yake utakuta vitu vilivyorukwa na folda vilimokuwa. Mara nyingi ni mialiko ya mikutano iliyopita, na hakuna atakayeililia. Lakini ikiwa vimerukwa vitu 7 na vyote vimo kwenye folda ya Zabuni, mwite mhasibu kabla hajaondoka, mvifungue pamoja kwenye Outlook yake na kuokoa kinachookoleka. Hiyo ndiyo faida ya kusoma ripoti mapema: mwenye barua bado yupo.

Lifungue

Neno "Completed" kwenye skrini linamaanisha kwamba seva imemaliza kuandika. Halimaanishi kwamba faili linafunguka, wala kwamba lina barua ulizokusudia. Faili ambalo halijafunguliwa usilihesabu kuwa hifadhi.

Fuata mpangilio huu, kwa sababu kuna mtego. Outlook ikifungua PST huandika ndani yake hata kama umesoma tu, kwa hiyo faili linabadilika. Chukua alama ya utambulisho kwanza:

`Get-FileHash '\\faili01\PST$\mhasibu.pst' | Export-Csv C:\kazi\alama.csv -Append -NoTypeInformation`

Amri hii inatumia SHA-256. Baiti moja ikibadilika, alama yote inabadilika. Ukishaiandika, nakili faili kwenye diski ya kompyuta yako na ufungulie nakala hiyo. Usifungue PST ikiwa kwenye folda ya mtandao. Microsoft hawaungi mkono matumizi hayo na faili huweza kuharibika. Faili la asili lisiguswe.

Kwenye nakala, usitosheke kuona orodha ya folda. Fungua ile CSV ya folda, chagua folda tatu: kubwa kuliko zote, ya zamani kuliko zote, na moja yenye jina la Kiswahili au alama zisizo za kawaida. Linganisha idadi. Fungua barua yenye kiambatisho cha PDF, fungua na kiambatisho chenyewe. Tafuta jina la mzabuni mmoja uone kama matokeo yanakuja. Tofauti ndogo ya idadi ya jumla inaelezeka, kwa sababu seva huhesabu baadhi ya vitu vya ndani ambavyo mtumiaji havioni. Tofauti ya maelfu haielezeki, rudia kazi.

Ikiwa una kompyuta ya Linux, kuna njia ya haraka zaidi kwa mafaili mengi. Kwenye Debian na Ubuntu sakinisha pst-utils, kisha:

`mkdir angalia && readpst -r -o angalia mhasibu.pst`

Programu hii hupita folda moja baada ya nyingine na kuandika kwenye skrini jina la folda, vitu vilivyosomwa na vilivyorukwa. Ni shahidi wa pembeni asiye wa Microsoft, na ndiyo sababu ninamthamini: PST inayosomwa na programu mbili tofauti ina nafasi nzuri ya kusomeka miaka 5 ijayo.

Ukitaka kujaribu kwa kuirudisha kwenye sanduku la majaribio kwa `New-MailboxImportRequest`, kumbuka kwamba kuingiza barua, tofauti na kutoa, hujaza kumbukumbu za miamala za hifadhidata. GB 30 za barua zinaweza kuijaza diski ya seva usiku mmoja na barua za ofisi nzima zikasimama. Jaribu kwa faili dogo.

Baada ya hapo funga faili kwa usalama. Nywila inayowekwa kwenye PST kupitia Outlook haifungi kitu; haisimbi data, na programu za kuiondoa zimejaa. Tumia 7-Zip:

`7z a -p -mhe=on mhasibu.7z mhasibu.pst`

Itakuuliza nywila mara mbili, itasimba kwa AES-256, na itaficha hata majina ya mafaili yaliyomo. Nywila iwekwe kwenye bahasha ya kasha la ofisi au kwenye programu ya kutunza nywila, kamwe isitumwe kwa barua pepe pamoja na faili. Weka nakala mbili mahali pawili, mojawapo nje ya jengo.

Kama seva yenu ni ya Linux

Taasisi nyingi zinatumia Zimbra, na huko kazi ni nyepesi. Ingia kama mtumiaji zimbra, kisha:

`zmmailbox -z -m mhasibu@example.org -t 0 getRestURL "//?fmt=tgz" > /hifadhi/mhasibu.tgz`

Sifuri baada ya `-t` inaondoa kikomo cha muda, ambacho huwakata wenye masanduku makubwa katikati ya safari. Hesabu yaliyomo kwa `tar tzf mhasibu.tgz | wc -l`. Uzuri wake ni kwamba ndani mna barua moja moja katika muundo wa kawaida unaosomwa na programu yoyote. Wakati wa kurudisha tumia `postRestURL` yenye `resolve=skip`. Ile ya `resolve=reset` hufuta kilichomo kwenye sanduku kabla ya kuweka cha zamani; isome mara mbili kabla ya kuibonyeza.

Kwa Dovecot ni `doveadm backup -u mhasibu maildir:/hifadhi/mhasibu`. Kilichopo mwisho wa safari hulazimishwa kifanane na chanzo, na herufi `-R` hugeuza mwelekeo. Ukiiongeza kwa kunakili amri ya mtu mwingine bila kuielewa, folda tupu ya hifadhi itakwenda kufuta sanduku lililo hai.

Kabla hujaondoka kwenye seva

Ondoa maombi yaliyokamilika. Hilo halifuti PST, linafuta kumbukumbu ya ombi tu, kwa hiyo hakikisha ripoti umeshaihifadhi:

`Get-MailboxExportRequest -Status Completed | Remove-MailboxExportRequest`

Usifute sanduku la mhusika siku hiyohiyo. Likate kwa `Disable-Mailbox` baada ya aliyeomba faili kulipokea, kulifungua na kutia sahihi. Exchange kwa kawaida hulishikilia sanduku lililokatwa kwa siku 30, na hizo ndizo siku zako za kusahihisha.

La mwisho ni jukumu ulilojipa. Agosti 2021 mtafiti wa usalama Orange Tsai alieleza hadharani mashambulizi yaliyopewa jina ProxyShell. Washambuliaji waliunganisha mapengo matatu ya Exchange, na katika hatua ya mwisho walitumia amri hiihii, `New-MailboxExportRequest`, kuandika faili lao la uharibifu ndani ya seva na kuitawala. Amri inayotoa barua za mhasibu inaweza kutoa za kila mtu ofisini, na akaunti yenye jukumu hilo ndiyo ya kwanza kutafutwa na anayeingia kwa siri. Kwa hiyo andika:

`Remove-RoleGroupMember "Utoaji Barua" -Member msimamizi`

Kisha `Get-RoleGroupMember "Utoaji Barua"`. Isiporudisha jina lolote, kazi imekwisha.